Pesa Imeingia, Jina Sio Langu

Jamani, mimi nilidhani malipo ya simu yataniondolea vita vya chenji. Mteja anakuja alfajiri na noti kubwa, ananunua kitu kidogo, halafu ananikodolea macho kama vile mimi ndiye benki kuu. Nikasema yaishe. Nikabandika namba ya malipo kibandani.

Tatizo ni laini. Niliisajili kwa kitambulisho cha mama mkwe, changu kilikuwa kimepotea. Mteja akiweka namba, kabla hajathibitisha linatokea jina: majina matatu ya mama mkwe, yote. "Mzee, mbona huyu mwanamke?" Namweleza. Anacheka, anamwita mwenzake aje aone. Siku hizi vijana wakipita wananipigia kelele, "Shikamoo mama!" Na mwenyewe kapata habari. Juzi kaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, biashara yangu inaendeleaje?"

Mtandao nao! Kwa mteja imekatwa, kwangu haijaingia. Sasa iko wapi? Tunabaki kutazamana kama wachumba wapya. Kuna mmoja hata hakunisumbua, meseji iliingia papo hapo, akachukua mzigo akaenda. Naisoma baadaye: "Umepokeya", imetoka kwenye namba ya mtu binafsi, na salio langu eti mamilioni. Nilikuwa tajiri kama dakika mbili hivi.

Kijana mmoja akaniletea ule mraba wa madoadoa, wenyewe wanauita QR, eti wateja wapige picha tu walipe. Kumbe ulibuniwa Japani mwaka 1994 kufuatilia vipuri vya magari! Ndiyo maana wateja wanainama pale mezani wakichungulia kama mafundi.

Ninayemchukulia mzigo wa jumla anataka taslimu tu. Basi nakwenda kutoa. Wakala hana pesa, niende kwa wa pili. Nakatwa ada.

Wakenya walioanza na M-Pesa mwaka 2007, wazo lake la mwanzo lilikuwa watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Kwangu limefanikiwa kupita kiasi. Nilikopa kidogo humo humo kwenye simu. Sasa pesa ya mteja ikiingia tu, deni linaimeza kabla sijamaliza kusoma meseji. Mteja ananiambia asante, nami namwambia karibu tena, nimefanya kazi bure.

Na huo mkopo una jina la mama mkwe. Hilo bado hajaliuliza.