Kiki Kapanda Basi, Bado Anakimbia kwa Miguu

Hivi nani alisema ngoma za biti haziwezi kwenda zenyewe masta, ile chaneli ya mwisho zinakokutana sauti zote? Kiki (lile dundo zito la chini), sneya, hati (hi-hat), makofi, zote eti lazima kwanza zipande basi. Na jina ni hilohilo, basi: chaneli moja ya kuzikusanya kabla ya masta. Haya, tupande. Ila ukipanda daladala, umepanda. Huchungulii dirishani ukajiona unakimbia pembeni ya barabara. Kwenye miksa ya FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, hilo linawezekana, tena linatokea kila siku.

Unachagua chaneli ya kiki, unakwenda kwenye chaneli uliyoibatiza NGOMA, unabofya kile kishale cha chini. Kinawaka, waya unaonekana, roho inatulia. Kumbe waya wa zamani wa kwenda masta bado upo! Kiki imeingia kwenye basi, na hapohapo inakwenda masta kwa miguu. Sauti ileile ikikutana na pacha wake inapanda desibeli 6, na mtu anatikisa kichwa: "Duh, basi limeleta uzito." Uzito gani, jamani? Umejumlisha kitu kimoja mara mbili. Subiri uweke ikwalaiza kwenye basi: mawimbi ya njia mbili hayaendi tena pamoja, yanaanza kulana, na kile kifua cha kiki kinayeyuka.

Dawa iko kwenye kitufe cha kulia cha kipanya (cha kompyuta, siyo cha Mbagala). Bofya kishale hichohicho, chagua "Route to this track only". Hako kaneno "only", yaani pekee, ndiko kanakokata waya wa masta, na kamekaa mwishoni kabisa kama masharti ya mkopo. Jirani yake kuna "Route to this track" kavu, ambayo ni ule ugonjwa wenyewe. Halafu kuna "Sidechain to this track": hii inavuta bomba mpaka mlangoni na kufunga koki. Waya upo, kiwango sifuri. Mtu anachagua hiyo, anapachika kompresa (ile ya kuminya sauti inayozidi) kwenye basi, anazungusha vinobu nusu saa, anafumba macho: "Sasa imekaa." Imekaa wapi? Basi tupu hilo, linanguruma stendi bila abiria.

Na kipimo ni cha sekunde tatu tu! Zima basi. Ngoma zote zinyamaze. Kinachoendelea kulia hakijapanda, au bado kinakimbia kwa miguu. Mara nyingi utabaki na mwangwi wa sneya, sneya mwenyewe hayupo, kama sauti ya marehemu kwenye korido. Hiyo ni chaneli ya riverbu uliyoiacha iende masta moja kwa moja. Nayo ipandishe NGOMA, isije siku unashusha fada (kitelezi cha sauti) ya basi ukabaki na mizimu.

Kompresa sasa. Hapa kila mtu ni daktari. Uwiano wa kuminya 2:1 hadi 4:1, ataki (muda wa kuanza kuminya) milisekunde 10 hadi 30 ili ule mgongo wa kiki upite kabla mlango haujafungwa, sindano ya kuonyesha mminyo inywe desibeli 2 au 3. Wewe unakuta sindano imelala kwenye 12, hati zinahema kama zimepanda mlima. Ukichunguza, kuna 808 ndani ya basi, lile besi la mkia mrefu. Kila likivuta, kompresa inawakandamiza abiria wote. Lishushe, lipewe usafiri wake, au kama kompresa yako ina kichujio cha kusikilizia, kiweke kwenye Hz 100 isiyasikie ya chini.

Kwenye singeli ndiyo kabisa. Biti ya 200 kwa dakika, pigo hadi pigo ni milisekunde 300. Mtu ameweka rilizi (muda wa kuachia) milisekunde 400, kwa sababu aliiona mahali kwenye wimbo wa taratibu. Kompresa hiyo itapumua saa ngapi? Haijaachia, kiki nyingine imefika. Inabaki imeminya kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kwa kazi hiyo ungeshusha fada tu ukaokoa prosesa. Iweke 80, 100, uangalie sindano inarudi kabla ya pigo linalofuata.

Basi, umemaliza. Waya mmoja mmoja, basi likizimwa kimya, sindano inacheza vizuri. Msanii anaomba umtumie, anaisikiliza kwa spika ya simu, ile ya tundu la chini. Kiki yako iko Hz 50. Kispika kile huko hakifiki hata kwa maombi. Ungeipa msuguano kidogo wa saturesheni kwenye chaneli yake, itoe vitoto vya juu yake, Hz 100 na 150 na kuendelea, angalau simu ingeokota kitu. Hukuweka. Anapiga.

"Kaka, mbona kiki haipo?"

Ipo. Iko kwenye basi.