Windows 7 ya Shangazi

Shangazi yangu wa Tanga anadarizi nembo za shule kwenye masweta. Mashine yake haina tatizo, ila programu ya michoro inakubali Windows 7 tu, na tena mpaka uchomeke kidude chake cha leseni kwenye USB. Waliokitengeneza walishaacha kupokea simu. Kwa hiyo hadi disiki ya kompyuta inakufa, shule zikikaribia kufunguliwa mwezi wa kwanza, wale wa "si uweke Windows mpya tu" hawakuwa na msaada wowote. Nikaitwa mimi.

Kwenye disiki mpya Windows 7 ilipanda bila kelele. Ikafunguka na aikoni kubwa kama sahani za pilau, maana draiva ya skrini, ile programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, haikuwepo. Shangazi akavua miwani.

"Mashallah. Hii sasa ndiyo kompyuta."

Draiva ya mtandao nayo haikuwepo. Hapo ndipo utamu wa Windows 7 ulipo: draiva ya intaneti iko intaneti. Nikauliza sidii iliyokuja na kompyuta iko wapi. Akaninyooshea kidole dirishani. Ilikuwa inaning'inia kwa uzi juu ya mchicha, inafukuza ndege. Nikaishusha, nikaifuta kwa shati. Kompyuta ikaimeza, ikakoroma kidogo, ikaitema. Shangazi akaichukua haraka kuirudisha kazini, ndege walishaanza kushuka.

Nikachomeka simu kwa waya, nikaruhusu igawe intaneti, Windows ikaitambua yenyewe. Nikaona nimeshinda. Nafungua Internet Explorer 8, kivinjari chake, kila ukurasa unaniambia cheti cha usalama hakiaminiki. Kutupa jicho kwenye saa kule chini pembeni: 1 Januari 2009. Windows 7 yenyewe iliingia sokoni Oktoba 2009, yaani kompyuta ilikuwa inaishi kabla ya kuzaliwa kwake. Ile betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi, inayotunza saa, ilikwisha zamani, na vyeti vina tarehe zake: saa ikikosea, vinaonekana batili.

"Inasema mwaka gani?"

"2009, Shangazi."

"Iache hapo hapo. Mjomba wako alikuwa hai, na mimi nilikuwa na kiuno."

Nikarekebisha saa, kurasa nyingi zikaendelea kugoma. Explorer ile imezoea TLS 1.0, njia ya zamani ya kufunga mawasiliano kwa siri, na tovuti za siku hizi hazikusikilizi chini ya 1.2. Ikabidi nishushe Firefox 115 kwa simu, toleo la mwisho linaloikubali Windows 7, nikaihamishia kule. Kisha nikaingia Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta, kwenye zile alama za njano za visivyo na draiva, nikasoma namba ya kadi ya mtandao: VEN_10EC, DEV_8168. Hiyo ni ya kampuni ya Realtek. Ukishajua namba, draiva utaipata. Wanaotafuta kwa jina lililoandikwa kwenye kasha la kompyuta ndio wanaojaziwa virusi.

Yakabaki masasisho. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, lakini yale ya zamani hawakuyafuta yote. Kwanza unaweka mawili kwa mkono, KB4490628 na KB4474419, la sivyo haitambui sahihi za SHA-2, mihuri mipya ya kuthibitisha kuwa faili ni la Microsoft kweli, na inayakataa yaliyofuata. Nikaweka. Ikaanza kutafuta. Ule mstari wa kijani ukapita, ukapita, adhuhuri ikaingia, ikatoka. Wazazi wanakuja kuulizia masweta, Shangazi anawaambia "fundi yuko kwenye asilimia."

Na kweli ikafika kwenye asilimia. Skrini ikaandika kwamba inaweka masasisho, usizime kompyuta. Thelathini na tano. Chumba cha pili binti wa Shangazi akachomeka pasi.

Giza.

LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa imebakiza uniti za kuungaunga. Shangazi akanitazama mimi, akaitazama kompyuta. "Si imeandika isizimwe?"

Umeme uliporudi ikasema imeshindwa, inarudisha ilivyokuwa. Ikarudisha hadi magharibi. Nikaanza upya, safari hii pasi nimeikalia mimi.

Ilipomaliza, draiva ya skrini ikawa imeingia pamoja na mengine. Herufi zikanywea, picha ikatulia vizuri. Nikachomoa waya wa mtandao moja kwa moja. Mfumo usiohudumiwa hauna cha kutafuta huko nje, na sweta halidariziwi kwa Facebook. Shangazi akasogea, akapapasa miwani.

"Baba, umeiharibu."

"Shangazi, sasa ndiyo imepona."

"Imepona ikawa sisimizi? Nirudishie ile."

Nikaishusha hadi 800 kwa 600. Akatabasamu. Tukafungua programu ya michoro, kitufe cha kuhifadhi kikawa kimezama nje ya skrini, kule chini, hakishikiki. Nikaanza kumweleza kwamba akifika hapo abonyeze Enter. Akasema Enter anaijua, nimpishe kiti na nimtafutie uzi wa bluu.