Safaya ya zambarau: pete ya kuvaa au ya kuweka akiba?

Mdogo wangu anafunga ndoa Desemba na amekataa pete ya dhahabu tupu. Anataka yenye jiwe la zambarau, tena si ametisti, lile jiwe la zambarau lililozoeleka, anataka safaya. Mjomba wetu, aliyehangaika na dhahabu ya Chunya tangu sisi hatujazaliwa, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, siku ukikwama, hilo jiwe utampelekea nani?"

Nimekaa na swali hilo wiki nzima, maana wote wawili wana hoja.

Wengi tukisikia safaya tunafikiria bluu. Kumbe safaya na rubi ni madini yaleyale, korandamu. Ikiwa nyekundu inaitwa rubi, rangi nyingine zote ni safaya. Wazee walikuwa na neno moja tu, yakuti, kisha wakataja rangi, na kwa hilo walikuwa karibu na sayansi kuliko wauzaji wengi wa leo. Chembe za kromi hutia wekundu, chuma na titani hutia bluu, na zikikutana katika jiwe moja zinatoa zambarau. Wala si jiwe la ugenini. Ukitoka Mbeya kwa barabara ya Makambako na Njombe unafika Songea, halafu Tunduru, ambako katikati ya miaka ya 1990 watu walimiminika kuchekecha changarawe za mito kama Muhuwesi wakitafuta vito. Mwaka 1998 safaya nyingi zikapatikana Ilakaka, Madagascar, na wanunuzi wengi wakahamia huko.

Upande wa mdogo wangu una nguvu kubwa kwenye jambo ambalo watu hawalifikirii dukani: vumbi. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Anashika chaki, anamenya viazi, anafua kwa mkono. Vumbi letu la Septemba limejaa kwatzi, madini ya kawaida ya mchanga, ambayo ugumu wake ni 7 katika kipimo kinachoishia 10 kwa almasi. Ametisti yenyewe ni kwatzi, ugumu 7. Tanzanaiti, pamoja na sifa zake zote, ni kati ya 6 na 7, na ikigongwa vibaya hupasuka. Kwa hiyo ukiifuta pete ya tanzanaiti kwa kitambaa chenye vumbi, unaipiga msasa bila kujua, na baada ya miaka kadhaa kingo za jiwe zinakuwa butu kama sabuni iliyotumika. Safaya ni 9. Vumbi halina la kuifanya. Tanzanaiti ikae kwenye hereni au mkufu; kwenye kidole cha mwalimu, mimi nisingeiweka.

Halafu kuna rangi yenyewe. Tulikwenda kwa sonara mmoja Mwanjelwa, akatoa jiwe dogo kuliko punje ya mahindi, akalishika kwa kibano chini ya taa ya tyubu. Lilionekana la bluu iliyochoka. Akatuita mlangoni, kwenye mwanga wa ukungu wa asubuhi, likawa urujuani. Aliporudi ndani akawasha balbu ya zamani ya njano, na hapo likaiva kabisa: rangi ya ulimi wa mtoto aliyekula zambarau. Jiwe lilelile, dakika tano. Mdogo wangu alinaswa palepale.

Mimi ndipo niliposhtuka. Jiwe linalobadilika hivyo ni rahisi kuuziwa chini ya taa moja na kulichukia chini ya nyingine. Zaidi ya hapo, kuna korandamu ya kutengenezwa, na si jambo la jana: Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake ya kuyeyusha unga kwa moto mwaka 1902. Ikitiwa vanadi, aina ya metali, inageuka kutoka bluu ya kijivu mchana hadi zambarau usiku, na kwa miaka mingi imeuzwa kwa watalii kama aleksandriti, kito adimu kinachobadili rangi. Ugumu wake ni 9 vilevile, kwa hiyo ile michezo ya kukwaruza kioo haithibitishi kitu. Kinachosaidia ni lenzi na mtu anayejua kusoma ndani ya jiwe: mistari iliyopinda na viputo vya hewa ni dalili ya kiwanda. Sonara wetu, kwa haki yake, alisema waziwazi kwamba yeye ni mtu wa dhahabu na jiwe lipelekwe maabara ya vito kabla ya kulipia.

Kuna faraja kidogo kwenye suala la kuchomwa. Safaya nyingi za bluu zimepitishwa kwenye joto kali ili zing'ae. Jiwe la zambarau likichomwa mara nyingi hupoteza ule ubluu na kuelekea waridi, hivyo anayetaka zambarau ana nafasi nzuri zaidi ya kupata jiwe ambalo halijaguswa. Na bei yake kwa kawaida iko chini ya bluu nzuri ya ukubwa uleule.

Lakini hiyo bei ya chini ndiyo hoja ya mjomba ikirudi kwa mlango wa nyuma. Ukipeleka pete kwa sonara kuuza, anachopima ni dhahabu. Mzani haujui zambarau. Jiwe anaweza kulichomoa na kukurudishia mkononi, na kulipatia mnunuzi Mbeya ni kazi ya miezi. Mjomba ameona harusi, misiba na ada za shule zikilipwa kwa gramu, hajaona hata moja ikilipwa kwa karati, kipimo cha uzito wa vito.

Ila hesabu yake inachukulia kwamba pete ni benki. Kama ni hivyo, basi nunua bangili nene, funga kwenye leso, yaishe. Mdogo wangu hatafuti benki. Nilichowapendekezea ni kutenganisha mambo mawili: duara lenyewe liwe zito, dhahabu ya kupimika, na jiwe liwe dogo, la fedha ambayo hatasikitika kutoirudisha.

Mjomba amekubali kuchangia gramu mbili. Jiwe, amesema, mwenye macho alipie mwenyewe.