Harusi ya kisiwani na kipande cha mwisho cha safari

Boti ilikwama mbali na ufukwe. Tarehe ya harusi ilichaguliwa kwa ajili ya mwezi mpevu, na mwezi mpevu huja na bamvua, maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida. Maji yalikuwa yamekupwa hadi miamba ikaonekana. Wageni tukavua viatu, tukakunja nguo, tukashuka. Shangazi wa bwana harusi, mama aliyepita miaka 70 na mwenye maumivu ya magoti ya siku nyingi, alibebwa na vijana wawili huku amevikumbatia viatu vyake kifuani. Alicheka muda wote, na picha yake ile ilipendwa kuliko zote. Usiku tulipokaa pembeni aliniambia hakuwa amekunywa tone la maji tangu alfajiri. Alijua boti haina choo, akaogopa.

Namkumbuka kila ninaposikia wachumba wakibishana kisiwa gani cha nchi za joto kinafaa kwa harusi yao. Wapo wanaotaka kisiwa kidogo, cha mbali, chenye hoteli moja na mchanga usio na nyayo za mtu mwingine. Wapo wanaotaka kisiwa kikubwa chenye uwanja wa ndege wa kimataifa, barabara, hospitali na malazi ya kila aina. Hawa wa pili huonekana watu wasio na ndoto, au waliopungukiwa na fedha. Nadhani tunawaonea.

Wa kwanza nao wana hoja, tena nzito. Hoteli nyingi za Maldivi, nchi ya visiwa vidogo katika Bahari ya Hindi, zimejengwa kwa mtindo wa kisiwa kimoja, hoteli moja. Ndugu waliotawanyika mabara matatu wakikutana mahali kama hapo, wanakula pamoja, wanaogelea pamoja, watoto wao wanajuana kwa majina. Siku nne za namna hiyo zinaweza kuunga ukoo kuliko sherehe ya jioni moja ambayo kila mtu anawahi usafiri. Hakuna mpita njia anayekatiza nyuma ya maharusi na taulo begani wakati wa viapo. Na wapo wachumba wanaotaka umbali uwapunguzie orodha, wao wenyewe wasilazimike kumkata mtu. Kama wageni ni kumi, wote wazima wa mwili na wenye nafasi, sina neno.

Ila wageni wa harusi mara chache huwa hivyo. Yupo mzee wa kisukari, yupo mama mwenye mimba, yupo rafiki aliyepewa likizo ya siku tatu, yupo binamu aliyekopa nauli. Wachumba wakipanga huangalia ile ndege kubwa: inachukua saa ngapi, nauli yake kiasi gani. Kwa watu hawa, safari ngumu huanza pale ndege kubwa inapotua.

Chukua Maldivi hiyo hiyo. Ndege ndogo zinazotua majini, ambazo ndizo hupeleka watu kwenye visiwa vya mbali, huruka mchana tu. Mgeni anayetua jua likielekea kuzama hulala jirani na Malé, mji mkuu, hadi asubuhi, na siku ya kurudi anaweza kulazimika kuondoka mapema mno ili aiwahi ndege yake. Yule wa likizo ya siku tatu amebakiwa na nini? Mizigo nayo hupimwa upya kwa kilo chache, na gauni la bibi harusi lina kilo zake. Kila unapobadilisha chombo, umeongeza mahali ambapo jambo moja likiharibika yote yanaharibika. Ukikosa usafiri kwenye kisiwa chenye ndege nyingi, unasubiri saa kadhaa. Ukiikosa boti ya kisiwa kidogo, imekwenda hadi kesho, na kesho ndiyo harusi.

Halafu kuna gharama ambayo wachumba hawaioni kamwe, kwa sababu hakuna anayewaambia. Mtu aliyeshindwa safari hakuandikii kwamba magoti hayawezi boti, au kwamba chumba cha bei ya chini katika hoteli ile ni mshahara wake wa miezi miwili. Anajibu kwa heshima kuwa amebanwa na kazi, anatuma zawadi, na maharusi wanaamini alibanwa kweli. Nimeusoma ujumbe wa namna hiyo mara nyingi, na mara nyingine nimekuwa nikijua ukweli wake. Dada wa kambo wa bibi harusi mmoja alisema ana mtihani. Hakuwa na mtihani wowote. Alikuwa ana mimba ya miezi minane, na mashirika mengi ya ndege humkatalia mama mjamzito baada ya wiki ya 36. Kwenda angeweza, kurudi kulikuwa kwa shaka, na kwenye kisiwa kile hospitali ilikuwa ng'ambo ya maji.

Hapo ndipo kisiwa kikubwa kinapoonyesha utu wake. Morisi, Barbados, Bali, Unguja: mgeni anatua, anapanda gari moja, anafika. Mwenye uwezo anakaa kwenye hoteli ya harusi, asiye na uwezo anachukua nyumba ya wageni mtaa wa pili, na jioni wote wamevaa vizuri mbele ya bahari moja bila mtu kujua nani amelala wapi. Kwenye kisiwa cha hoteli moja, mfuko wa mgeni umeamuliwa na mwenye harusi.

Wapinzani wanasema kisiwa kikubwa ni kelele na msongamano, na kwamba hoteli yake inaweza kufungisha harusi tatu kwa siku moja. Hilo la harusi tatu ni kweli, na ni swali la kuuliza kabla ya kulipa. Lakini kisiwa kikubwa hakina ufukwe mmoja. Kina pande, na pande zake hutofautiana kuliko watu wanavyodhani. Katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, mji wa Hilo, upande unaopigwa na pepo za mwaka mzima, hupata mvua ya zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, wakati Kona, nyuma ya milima, hupata sehemu ndogo tu ya hiyo. Barbados ina mawimbi ya Atlantiki mashariki na maji tulivu magharibi. Tangu 2011 mwani wa sargasamu umekuwa ukisukumwa kwa wingi hadi kwenye visiwa vya Karibi, hasa upande wa upepo, na ukioza hutoa harufu ya yai bovu. Upande mmoja ukiharibika, harusi inahamishiwa mwingine kwa gari. Kisiwa cha kutembea kwa miguu dakika kumi hakina pa kukimbilia.

Kuhusu vimbunga, msimu wa Atlantiki unahesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ni takriban Novemba hadi Aprili. Karibu na ikweta vimbunga ni nadra, ndiyo maana Shelisheli kwenye visiwa vyake vikuu husalimika zaidi kuliko Morisi, na Aruba, Bonaire na Curaçao zilizo kusini mwa Karibi husalimika zaidi kuliko majirani zao wa kaskazini. Bei za nje ya msimu wa utalii hushawishi, na msimu wa vimbunga hausubiri kukolea: Julai 1, 2024 kimbunga Beryl kilikipiga kisiwa kidogo cha Carriacou, huko Grenada katika Karibi, na kuharibu sehemu kubwa ya majengo yake, mwezi mmoja tu baada ya msimu kuanza.

Sheria nitaigusa kwa ufupi. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana ndoa na harusi kwetu ni maneno mawili. Jamaika inaruhusu wageni kufunga ndoa baada ya saa 24 tangu kufika, wakiwa na kibali. Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Karibi vilivyo chini ya Ufaransa, vinafuata sheria ya Ufaransa, ambayo hudai makazi ya angalau mwezi mmoja. Indonesia, kwa sheria yake ya 1974, huitambua ndoa iliyofungwa kwa taratibu za dini, hivyo Bali si rahisi kwa wasio na dini moja. Huko Maldivi, kwa miaka mingi sherehe za watalii wasio Waislamu zilikuwa za ishara tu. Wengi hufunga ndoa kwanza kwa msajili wa kwao, kisha wakaenda kisiwani kufanya harusi, na naona hiyo ndiyo njia isiyo na presha.

Maji nayo yana la kusema. Katika visiwa vingi vya Karibi bahari hupanda na kushuka chini ya mita moja, lakini Unguja wakati wa bamvua tofauti yaweza kukaribia mita nne, na pwani ya mashariki bahari hurudi nyuma hadi isikike kwa mbali. Anayetaka mwezi mpevu na mawimbi miguuni aangalie jedwali la maji kujaa na kupwa la siku ile. Aangalie na saa. Nchi za joto jua huzama wima. Mwanga wa machweo humalizika kwa muda wa nusu saa au pungufu. Boti ya wageni ikichelewa dakika 40, picha zinapigwa gizani.

Kwa hiyo mimi nachagua kisiwa kikubwa, upande wake tulivu, saa moja hivi kwa gari kutoka uwanja wa ndege. Kile kisiwa kidogo sikitupi. Wageni wakishaagwa, maharusi wapande boti wawili tu, waende fungate. Huko umbali haumkoseshi mtu usingizi, na wakikwama na maji yaliyokupwa watashuka wameshikana mikono, wana miguu.

Mwaka uliofuata shangazi yule alialikwa harusi nyingine ya kisiwani. Alinipigia simu. Hakuuliza nguo za rangi gani wala hoteli ipi. Aliuliza kama kuna boti. Nikamwambia hakuna, ni gari kutoka uwanjani hadi mlangoni, na akanijibu kwamba basi anaanza kushona gauni.