Roosevelt au vita: nini kiliinua uchumi wa Marekani?

Wanaojadili Mdororo Mkuu, yaani anguko la uchumi lililoanza 1929, wakifika miaka ya Rais Franklin Roosevelt (1933–1945) hugawanyika. Wapo wanaosema Mpango Mpya wake (New Deal), yaani hatua za serikali za kuokoa benki na kutumia fedha kuwapa watu kazi na msaada, ndio ulioiokoa Marekani. Wengine hushikilia kuwa alitapanya fedha za umma, na kwamba ajira zilirudi pale tu viwanda vilipoanza kuunda vifaru na ndege za kivita kwa ajili ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwangu mimi, ushahidi mzito zaidi uko katika mwaka 1937.

Kwanza tukumbuke shimo lilikuwa refu kiasi gani. Miaka ya 1920 Wamarekani walichukua magari na redio kwa mkopo, na wengine wakanunua hata hisa kwa fedha za kukopa. Wakulima hawakuionja neema hiyo. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka tangu mwanzo wa muongo. Oktoba 1929 hisa ziliporomoka, lakini kilichovunja mgongo wa nchi ni benki. Kati ya 1930 na 1933 zilianguka takriban 9,000, zikaondoka na akiba za watu. Kufikia 1933 mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi.

Hapo ndipo hoja ya watetezi wa Roosevelt ina nguvu. Machi 1933 alizifunga benki zote kwa siku kadhaa zikaguliwe, na zilipofunguliwa watu walipanga foleni kuweka tena fedha zao. Ikafuata bima ya amana, inayomlinda mteja asipoteze akiba yake benki ikianguka, na ile hofu ya kukimbilia benki kutoa fedha ikatulia. Hadi 1937 uchumi ulikua kwa kasi ambayo ni nadra kuonekana wakati wa amani.

Wapinzani hujibu kwamba mwaka huo wasio na kazi walikuwa bado karibu asilimia 14. Ni kweli, ila hesabu hiyo iliwaweka miongoni mwa wasio na kazi hata watu waliokuwa wakijenga barabara na shule kwa ujira wa serikali, na hilo naliona si haki kwao.

Kisha, akiamini mgonjwa amepona, Roosevelt akabana matumizi ya serikali. Kodi mpya ya pensheni ikawa inakatwa kwenye mishahara, na Benki Kuu ikazitaka benki ziweke akiba ya lazima maradufu, fedha ambazo hazingeweza kukopeshwa. Uchumi ukaanguka tena. Mwaka 1938 ukosefu wa ajira ulifika kama asilimia 19. Kama dawa ile ya matumizi ya serikali ingekuwa maji matupu, kuiacha kusingemrudisha mgonjwa kitandani. Vita vilileta dawa ileile kwa kipimo ambacho Bunge lisingekubali wakati wa amani, na 1944 wasio na kazi walikuwa chini ya asilimia 2.

Ninapoungana na wakosoaji kwa dhati ni kwenye swali la nani alisaidiwa. Kuanzia 1933 serikali iliwalipa wenye mashamba ya pamba wa Kusini wapunguze kilimo ili bei ipande. Bei ilipanda. Lakini fedha zilipita mikononi mwa mwenye shamba, na wengi hawakumpa chochote yule aliyelima kwa kugawana mavuno, mara nyingi mtu mweusi. Shamba lilipopunguzwa, yeye na watoto wake wakafukuzwa. Sheria ya pensheni ya 1935 nayo iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, yaani kazi walizofanya Weusi wengi wa Kusini. Walianza kuingizwa miaka ya 1950, Roosevelt akiwa ameshafariki.