Tangi la Samaki Mombasa: Panda Kwanza, Samaki Wangoje

Tangi hili mmeliona. Liko mkahawani, kwa kinyozi, sebuleni kwa shemeji: kioo, kokoto za buluu, ngome ya plastiki, majani ya plastiki, taa inayowaka kutwa kucha, na goldfish wawili watatu wanaogombania hewa juu ya maji. Hazipiti wiki mbili, mmoja amegeuka tumbo juu. Mwenye tangi anakwenda kununua mwingine, na muuzaji anamshauri amwage maji yote, aoshe kokoto kwa sabuni, aanze upya. Mimi nasema tangi la namna hiyo halifai Mombasa, na anayetaka kufuga samaki mji huu aanze na bustani. Samaki waje mwisho.

Ushauri mwingi tunaoufuata mitandaoni umeandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Cha kwanza kwenye orodha zao ni hita. Hita ya nini Mombasa? Kaskazi ikivuma, Desemba mpaka Machi, maji yaliyokaa sebuleni hufika nyuzi 29 au 30 bila kusaidiwa na mtu. Hata msimu wa kusi, Julai na Agosti, hayashuki kiasi cha kumdhuru samaki wa nchi za joto. Pesa ya hita nunua mimea.

Taabu yetu ni kinyume chake. Maji yakipata joto, oksijeni inapungua ndani yake: kwenye nyuzi 20 lita moja hubeba takriban miligramu 9, kwenye nyuzi 30 hazifiki 8. Na samaki naye, mwili ukichemka, anataka hewa zaidi. Goldfish, aliyefugwa Uchina zaidi ya miaka 1,000, ni samaki wa maji ya ubaridi na hukua kupita sentimita 20. Kumtia kwenye bakuli la lita tano Mombasa ni kumwonea, basi. Joto likizidi, kuna dawa rahisi: feni ndogo ya mezani ielekezwe juu ya maji, kifuniko kiwe wazi. Maji yanayoruka kuwa mvuke huondoka na joto, na nyuzi mbili au tatu hushuka.

Sasa maji yenyewe. Sisi tunayo ya namna mbili. Kuna ya mfereji, yanayotoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere katika Milima ya Shimba, na Tiwi. Hayo huja kwa zamu, na kila mwenye nyumba anajua zamu yake ilivyo. Halafu kuna ya kisima, maji ya chumvi, kwa sababu tumekaa juu ya jiwe la matumbawe na maji ya chini yamepita kwenye chokaa. Tazama birika lako la chai. Kama ndani lina ukoko mweupe unaobanduka kwa ukucha, maji yako ni magumu, yaani yamejaa chokaa, na usipoteze shilingi kujaribu kuyageuza yawe laini kama ya Amazon. Chagua mimea na samaki wanaoyapenda yalivyo.

Ya mfereji yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha, au tia pampu ya hewa kwa saa kadhaa, ndipo uyatumie. Ya kisima yakiwa makali mno, chumvi unaisikia ulimini, changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua. Masika yanapoanza, acha mvua za mwanzo zioshe bati, kisha kinga. Jambo moja wengi hawalijui: maji yakipungua tangini kwa joto, chumvi haiondoki nayo. Ukiwa kila siku unajaziliza kwa maji ya kisima, baada ya miezi una tangi kali kuliko kisima chenyewe. Kujaziliza, tumia ya mvua au ya mfereji.

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54. Fundi wa vioo yeyote mzuri atakutengenezea, ila mwambie mapema atumie gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuua kuvu, maana dawa hiyo huua na samaki. Likikauka, lijaze maji nje ya nyumba siku nzima uone kama linavuja. Pamoja na mchanga na kioo litapita kilo 70, kwa hiyo ile meza ya televisheni yenye miguu ya mbao laini isahau. Dogo kuliko hilo sikushauri: maji machache huharibika haraka, hupata joto haraka, na anayeanza hana nafasi ya kurekebisha kitu.

Chini weka udongo wa kawaida wa shambani, uliochekechwa, usio na mbolea wala samadi, unene wa sentimita mbili tatu. Juu yake mchanga au kokoto ndogo, sentimita tatu nne, ili udongo usipande. Mchanga wa pwani unavutia kwa kuwa ni wa bure na uko hatua chache, lakini umejaa vipande vya makombe. Kamata kiganja cha mchanga wowote unaotaka kuutumia, uweke kwenye kisosi, ukamulie ndimu au umiminie siki, halafu sogeza sikio. Ukisikia unachemka kidogo na kuona vipovu vinapanda kati ya chembe, hiyo ni chokaa, na itazidi kuyafanya maji kuwa magumu. Mchanga wa mto hukaa kimya. Huo ndio wa kuchukua, uuoshe mpaka maji yatoke meupe.

Mimea ndiyo moyo wa kazi, na hapa sitaki ubahili. Panda tangi lijae siku ya kwanza. Mashina mawili matatu yaliyosimama peke yake yatashindwa na mwani, kisha utasema mimea haioti Mombasa. Inaota. Vallisneria, ile yenye majani marefu kama utepe, huyapenda maji magumu, kwa sababu inaweza kuchukua kaboni yake kwenye chokaa iliyoyeyuka. Ikishashika, inatambaa na kutoa machipukizi mpaka uing'oe. Ceratophyllum haina mizizi hata kidogo: unaitupa tu majini ielee, nayo hufyonza uchafu kwa pupa. Cryptocoryne ukiihamisha hunyauka majani yote ukadhani imekufa. Usiing'oe, mzizi uko hai na utatoa mengine. Anubias, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, ifunge kwa uzi juu ya jiwe au gogo, wala usiuzike ule mzizi wake mnene, utaoza. Na ile maniplanti inayotambaa, ambayo nusu ya nyumba za mji huu zimeiweka kwenye chupa dirishani, ning'iniza mizizi yake ndani ya tangi na majani yabaki nje. Hakuna filta ya pesa nyingi inayoishinda kwa kumaliza nitrati, mabaki ya mwisho ya uchafu wa samaki.

Mitungi ya kaboni dayoksaidi ya kulishia mimea mnayoiona kwenye video ni ya watu wanaoshindania picha. Huihitaji. Taa ya LED ya kawaida saa saba au nane kwa siku yatosha, na tangi lisikae mbele ya dirisha la jua, la sivyo utafuga mwani.

Sasa ngoja. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na muuzaji hana faida ya kuwaambia. Uchafu wa samaki na chakula kilichobaki hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huila amonia na kuacha nitriti, nayo ni sumu. Wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa kiasi haidhuru na mimea huila. Bakteria hawa hukaa kwenye sponji, mchanga na majani, na kuzaana kwao huchukua wiki nne mpaka sita. Kwetu kungoja huku kuna uzito zaidi. Maji yenye pH ya 8 (pH ni kipimo cha uchachu, na 7 ndiyo katikati), ambayo ni kawaida kwa kisima cha pwani, huifanya amonia ileile kuwa na sumu karibu mara kumi kuliko maji yenye pH ya 7, na joto huongeza. Goldfish wa kwa kinyozi aliyekufa wiki ya pili, aghalabu hicho ndicho kilichomuua, na kuoshwa kwa kokoto kwa sabuni kumewaua na bakteria wote waliokuwa wameanza. Sponji ya filta ioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini, si ya mfereji. Katika wiki hizo za kungoja, tia chembe ndogo ya chakula cha samaki kila siku mbili ili bakteria wapate riziki.

Halafu kuna stima. Ikikatika kwa muda wa saa sita, filta imesimama, pampu imesimama. Tangi lisilo na mimea, lenye ngome ya plastiki tu, linakuwa kaburi. Mimea husaidia mchana tu, kwa sababu ndipo inapotoa oksijeni. Usiku nayo huivuta. Kwa hiyo filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa ya betri ni bora kuliko filta kubwa ya kelele, na samaki wawe wachache kuliko kioo kinavyoweza kubeba. Wapo pia samaki waliozaliwa tayari kwa shida hii. Beta na gurami wana kiungo kichwani cha kuvutia hewa ya juu moja kwa moja. Stima ikipotea wao hupanda, huvuta, hushuka.

Beta ananikumbusha mkungu. Duniani huko watu huagiza majani makavu ya mkungu kwa posta, yanakuja kwenye pakiti zenye picha nzuri, kwa sababu yanatoa rangi ya chai majini na dawa nyepesi dhidi ya kuvu na bakteria. Sisi mkungu uko kila uwanja wa skuli, na tumekua tukiuchuma kungu na kugonga kokwa kwa jiwe. Okota jani lililoanguka lenyewe, jekundu au la hudhurungi, mbali na barabara yenye moshi. Lioshe, likaushe vizuri, litie. Jani moja kwa tangi la lita 54 linatosha kuanza. Kwenye maji magumu halishushi pH sana, lakini beta hutulia chini yake.

Samaki gani, basi? Kwa maji ya chumvi kidogo, moli: huyapenda magumu, na hata ya mchanganyiko na bahari huyavumilia. Kwa maji ya kawaida ya mji, gapi na plati. Gapi dume mmoja kwa majike wawili au watatu, la sivyo majike hawapati pumzi. Kwa anayetaka samaki mmoja tu mwenye haiba, beta dume peke yake, kamwe si wawili. Anza na watano sita, ongeza baada ya wiki kadhaa. Neon tetra ni wazuri machoni, lakini wanataka maji laini na ubaridi kiasi, waacheni. Sikilidi wa Ziwa Nyasa watayapenda maji yetu, ila hung'oa na kula kila ulichopanda, hao wana tangi lao la mawe. Na muuzaji akikuonyesha kisamaki cheusi cha sentimita tano kilichogandama kiooni, akasema, "Chukua huyu bosi, ni msafishaji, hali chochote," mwulize huyo pleko atafika wapi. Wengi hupita sentimita 30. Na chakula wanakula, tena kwa wingi. Wanachosafisha ni kidogo kuliko wanachokichafua.

Kwa chakula, viluwiluwi vya mbu ni karamu. Mji huu umeshapata dengi na chikungunya, na mbu wanaoeneza maradhi hayo huzaa kwenye mapipa na madumu tunayowekea maji kwa sababu ya zamu. Vikamate kwa chujio la chai, suuza, tia. Gapi watavimaliza kabla hujakaa kitini.

Maji unayotoa kila wiki, robo ya tangi, usimwage chooni. Mrihani na asumini hukua kwa nguvu kwa maji hayo, kama si ya chumvi.

Mwaka haujaisha utakuwa na mimea tele na gapi wasiohesabika. Jike huzaa kila mwezi, na huhifadhi mbegu ya dume kwa miezi hata akitengwa. Wape jirani. Watie kwenye birika la maji ya kumwagilia. Lakini usiwapeleke mtoni wala bwawani, na mimea usiitupe kwenye mfereji wa maji ya mvua. Gugu maji lililoziba Ziwa Victoria miaka ya 1990 lilitoka Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani kama pambo la vidimbwi kwa ajili ya ua lake la zambarau. Huku pwani tuna samaki wetu wa kulindwa: Nothobranchius palmqvisti, mdogo kuliko kidole, dume mwenye mkia mwekundu, anaishi kwenye madimbwi ya msimu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Dimbwi likikauka wazazi hufa, mayai hungoja ndani ya tope kavu mpaka mvua irudi. Unguja wana ndugu yake, Nothobranchius guentheri. Wafugaji wa Ulaya huyatunza mayai yao ndani ya mifuko ya majani yaliyooza na kupelekeana kwa barua, ilhali hapa dimbwi likijazwa kifusi cha ujenzi hakuna anayeuliza kilichokuwamo. Gapi kumi wakiachiwa dimbwini humo watashindania chakula kilekile, na vifaranga watakaoanguliwa masika yakifika watakuwa saizi ya midomo ya gapi hao.