Jumapili na Jumatano

Mimi koo langu Mungu alinipa kwa kazi mbili: kumeza na kugomba. Shule za huku Uingereza zilipofunguliwa tena tarehe 8 Machi 2021, enzi za korona, likaongezewa ya tatu, kupimwa, tena bila mshahara.

Kijana wangu alikuwa sekondari hapa Leicester, mji uleule uliofungiwa peke yake mwaka 2020 wenzetu wakienda saluni. Wiki za mwanzo walimpima mara tatu palepale shuleni, nikasema vizuri, hayo yao. Kumbe! Siku moja karudi na kiboksi: sasa ni kujipima nyumbani mara mbili kwa wiki, na si yeye tu, hata wanaokaa nyumba moja na mwanafunzi. Mwanafunzi mmoja, wapimwaji watano! Mimi shule nilimaliza Mombasa zamani, huu mtihani mwingine wa nini?

Basi Jumapili jioni mke wangu anapanga vijiti mezani. Usidhani ni mishikaki. Unapenga kamasi, unaachama mbele ya kioo kama kiboko, unasugua koo kulia na kushoto, halafu kijiti kilekile na mate yake unakipandisha puani. Afadhali huo mpangilio. Wangetuanzisha puani je? Mimi kikinigusa tu kilimi, machozi yanamwagika na wali wa mchana unapiga hodi.

"Baba Salim, watoto wanakutazama."

Wacha watazame.

Ikaja Ramadhani, nikashukuru. Nikasema nimefunga, kijiti kitanifunguza. Akanionyesha simu: sheikh keshajibu, hakiharibu saumu. Sheikh huyohuyo nimemuuliza swali la mirathi tangu mwaka juzi, kimya!

Baada ya kijiti kuchovywa kwenye maji yake, matone mawili kwenye kiplastiki cha kipimo, kisha dakika 30 za kungoja. Mstari kwenye C peke yake, umesalimika. Ukitokea na kwenye T, enzi hizo ilikuwa siku 10 ndani. Tunakizunguka kile kiplastiki kama watu wanaotafuta mwezi mwandamo.

"Naona kama kuna kamstari..."

"Vaa miwani wewe."

Mwishoni mwa Juni, Jumatano usiku, cha Salim kikatoa mistari miwili, minene. Kesho yake ana mtihani wa hesabu. Mama mtu machozi, mimi nampigia msimamizi wangu wa zamu kwamba siji. Tukaagiza kile kipimo kikubwa cha maabara, majibu yakarudi: hana kitu. Nikakiokota kiplastiki kwenye taka, nikakinusa. Chungwa! Wamefundishana TikTok: dondosha juisi, mistari inakuja yenyewe. Kemia anapata sufuri, lakini hilo kalijua.

Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka.

Jumapili iliyofuata nilikuwa na zamu ya usiku. Nje mvua, na mgongo unauma. Nikaenda kufungua friji, nanyoosha mkono tu, nikasikia kutoka sebuleni:

"Baba Salim, hiyo juisi iache hapohapo."